Dakika Nzima

Ukitaka kumuudhi, mwite daktari. Kitui ya miaka hiyo, mwanamume yeyote aliyevaa koti jeupe alikuwa daktari. Nadhani hata muuza nyama angepita katikati ya wodi na koti lake, angesimamishwa na kuonyeshwa kidonda. Lakini yeye hakuipokea salamu hiyo bila kuirekebisha. Alisimama na sinia ya dawa mkononi, akainama kidogo, akamwambia mama wa watu, "Mimi si daktari, mwaitu. Mimi ni nesi. Daktari atapita kesho. Mimi niko hapa leo." Mama alitikisa kichwa kwa heshima, akasema asante daktari, na kesho yake yakaanza upya.

Sisi wanafunzi wake tulimwita Mkufunzi. Alikuwa mkuu wa shule ndogo ya uuguzi iliyokaa ubavuni mwa hospitali, vyumba viwili na bohari, na mimi niliingia humo mwanzoni mwa miaka ya sabini nikiwa na sanduku la bati na woga mwingi. Sasa kwa kuwa hayupo, watu wanamsifu kwa mambo ambayo angeyakana. Wanasema alikuwa mpole. Hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa mkaidi, na ukaidi wake ndio uliotufikisha tulipofika.

Koti lake alilipiga pasi mwenyewe, kwa pasi ya makaa, na alipomaliza koti alipiga na kamba za viatu. Mkewe alikuwa akisema kwamba siku moja atapiga pasi na kuku. Saa yake ilikuwa mfukoni mwa kifua, imefungwa kwa kamba ya mkonge ambayo mkewe huyo huyo aliisokota, kama zile za kushonea kiondo, na pini kubwa ya nepi ya mtoto. Hakubeba mwavuli maisha yake yote. Mvua ya Kitui, alisema, haikingwi, maana ikiona imekataliwa haitarudi. Alikuwa mzee wa kanisa na alituhimiza tusichelewe ibada, lakini yeye Jumapili zote alifika wimbo wa tatu ukiimbwa, kwa sababu njiani kila mtu alikuwa na mguu wa kumwonyesha. Aliwakataza wagonjwa wa sukari kunywa chai tamu huku yeye chai yake ikisimamisha kijiko. Ukimkumbusha, alisema kwamba mwalimu hafundishi kwa kikombe.

Kitu alichofundisha kuliko vyote kilikuwa kuhesabu pumzi. Hiyo ni kazi rahisi ambayo hakuna anayeifanya. Unatazama kifua cha mgonjwa: kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Unahesabu dakika nzima, saa mkononi. Wala humwambii mgonjwa kwamba unamhesabia, kwa sababu mtu akijua anatazamwa hupumua kwa adabu. Unamshika kifundo cha mkono ukihesabu mapigo, na ukishamaliza mapigo huuachi mkono. Unaendelea kuushika kana kwamba bado, macho yako yakiwa kifuani. "Hapo unamdanganya kidogo," alituambia, "ili uandike ukweli."

Lakini wodi ina wagonjwa arobaini, na mwanafunzi ana njaa. Basi mwanafunzi anapita na kalamu akiandika ishirini, ishirini, ishirini, kwa sababu ishirini ni pumzi ya mtu mzima asiye na neno, na haijawahi kumletea mtu maswali. Tuliita jambo hilo kupika chati. Usidhani ni dhambi ya Kitui peke yake. Nimezunguka wodi nyingi tangu siku zile, na sijaona mahali isipopikwa.

Yeye aliisikia harufu ya kupikwa akiwa mlangoni. Alichukua chati, akatembeza kidole kutoka juu hadi chini, kisha akatazama wodi nzima kwa mshangao wa kujifanya. "Kumbe hii ni kwaya," alisema. "Watu arobaini wanavuta pumzi pamoja, wanashusha pamoja. Na nani anawapigia kinanda?" Hatukucheka mpaka alipotoka.

Hata mimi nilipika. Nilikuwa mwaka wa pili. Alasiri moja ya joto niliandika ishirini kwa wagonjwa kumi na wawili wa mwisho, nikaenda kula. Miongoni mwao alikuwako susu mmoja, bibi mzee aliyeletwa kutoka upande wa Mutomo akiumwa kifua. Nilipoitwa niache sahani yangu, nilimkuta Mkufunzi amekaa kando ya kitanda cha yule susu, ameushika mkono wake. Alinipa saa yake na kiti chake. Nilihesabu, na nilipofika thelathini sekunde zilikuwa bado tele. Ilikuwa arobaini na nne. Nikamtazama susu usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo, nikaona midomo yake ilivyobadilika rangi, na nikaanza kulia. Mkufunzi akasema, "Utalia baadaye. Sasa kaite daktari, na ulete oksijeni."

Susu alipona. Mimi nilingoja kufukuzwa, kwa sababu sheria ya shule ilisema wazi kwamba mwenye kupika chati anafukuzwa, na aliyeiandika sheria hiyo ni yeye mwenyewe. Siku ya tatu aliniita ofisini. Nilikuwa nimeshafunga sanduku. Aliniambia kwamba akinifukuza nitakwenda nyumbani nikijua jambo moja tu, kwamba nilikamatwa, na hilo halimsaidii susu wala mtu mwingine. Kuanzia kesho yake mpaka mwisho wa muhula ningefika wodini kabla ya wenzangu, nihesabu pumzi za kila mgonjwa dakika nzima, kabla sijaonja chai. Nilimchukia wiki tatu hivi. Halafu nikaanza kujua, nikiwa mlangoni tu, ni kitanda kipi chenye shida.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na chuo kikuu. Aliamini kwamba nesi anastahili digrii, na alianza kuamini hivyo wakati ambapo ukilisema jambo hilo mbele za watu walikutafutia kiti ukae upumzike. Aliandika barua Nairobi, kwa Kiingereza kigumu alichokichimba kwenye kamusi, na ilipokosa kujibiwa aliandika nyingine. Waliompinga walikuwa wa kila aina. Madaktari walisema nesi mwenye digrii atataka kuwa daktari. Matroni wetu, mama wa watu mwenye moyo safi, alisema nesi mwenye digrii hatabeba tena chombo cha mkojo. Wazazi walisema mtoto akiwa na akili za kwenda chuo kikuu, kwa nini apelekwe kuosha wagonjwa? Mkufunzi aliwasikiliza wote, akashukuru, akarudi kwenye kamusi yake.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini aliitwa mbele ya kamati ya kitivo cha udaktari, Nairobi, iliyokaa ghorofani katika hospitali ya chuo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu mdogo chini yake, na nilikwenda naye nikibeba makaratasi. Kamati ilikuwa na daktari mmoja wa upasuaji, mtu mkubwa mwenye sauti ya taratibu, ambaye ndiye aliyeuliza swali lililokuwa vichwani mwa wote: nesi atasoma nini miaka minne, kutandika kitanda? Wenzake wakacheka. Mkufunzi aliomba ruhusa ateremke kidogo wodini, na alichukua muda mrefu mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Aliporudi alikuwa na chati ya wodi ya daktari yule yule, ameiazima kwa sista wa zamu.

Aliiweka mezani, akamwomba daktari asome mstari wa pumzi. Ilikuwa ishirini kila mahali. Kisha akamwonyesha jina moja. "Huyu alifariki jana saa nne asubuhi," alisema. "Sista ameniambia. Lakini hapa saa kumi jioni bado anapumua, na ni ishirini." Hakuna aliyecheka tena. "Hawa watoto wamefundishwa kuandika, daktari. Hawajafundishwa kwa nini. Hiyo kwa nini ndiyo ninayoiombea miaka minne."

Kamati ilikataa. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu hadithi hii ikisimuliwa siku hizi watu huimalizia kwa makofi. Tulirudi Kitui, na kesho yake aliandika barua nyingine. Kwa ajili yangu aliongeza moja: ombi la nafasi ya kusoma ng'ambo, ambalo alilijaza yeye na mimi nikatia sahihi tu. Alisema siku mlango ukifunguliwa lazima awepo mtu wa kuingia, na mtu huyo awe amekula chumvi ya huku.

Mlango ulifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, chuo kikuu kilipokubali digrii ya uuguzi. Nilirudi na digrii ya pili, nikapewa darasa la wauguzi niliongoze. Wengi walinipongeza, na hawakujua walichokuwa wakikipongeza. Walimu wenye vyeti vilivyotakiwa walikuwa wachache mno. Chumba cha mazoezi tulikiazima kwa madaktari, na kilipohitajika tulitolewa. Lililoniumiza zaidi lilikuwa la mazoezi ya mashambani. Nilikuwa nimeahidi tangu mwanzo kwamba wanafunzi wetu watafanya sehemu ya mafunzo yao Kitui, mahali ambapo mgonjwa mzima huogeshwa kwa beseni moja na bomba ni jambo la kusimuliwa. Kamati ikaniuliza nani atawasimamia huko. Nikasema jina lake. Wakauliza ana digrii? Hakuwa nayo. Alikuwa na diploma tu, na shule ya ujana wake haikufika mbali, kwa hiyo hata akitaka kuingia darasani kama mwanafunzi hakuweza. Mtu aliyebisha hodi miaka ishirini, mlango ulipofunguka haukumtosha.

Nilimwandikia barua. Ningeweza kwenda, ni safari ya asubuhi moja tu, lakini niliandika barua kama mwoga, na bado naona aibu. Nilimweleza kwamba hawezi kutambuliwa kama mwalimu wa darasa letu, na kwamba bila mwalimu anayetambuliwa mazoezi yatahamishwa mjini, na Kitui itabaki hivi hivi.

Hakujibu. Wiki mbili baadaye nilisikia kwamba amejiuzulu ukuu wa shule na kuomba arudishwe wodini. Nilidhani nimemvunja moyo. Niliendesha gari siku hiyo hiyo, nikamkuta wodi ya wanaume, koti limepigwa pasi, anamgeuza mgonjwa. Nilianza kuomba msamaha na yeye akanipa upande wa pili wa shuka nishike. Tulipomaliza kutandika aliniambia:

"Nimesoma hiyo sheria yenu. Inasema mwalimu awe na digrii. Haisemi kitu juu ya nesi wa zamu. Wanafunzi wakija, si lazima waripoti kwa nesi wa zamu?"

Nikasema ni lazima.

"Basi wewe kuwa mwalimu. Kuja kila wiki, tia sahihi. Mimi nitakuwa hapa leo."

Ndivyo tulivyofanya. Kamati iliniruhusu mwaka mmoja wa majaribio kwa sharti kwamba niwepo Kitui kila Alhamisi, na kwamba mwisho wa muhula waje waone. Wasiporidhika, mazoezi yangehamishwa moja kwa moja. Wanafunzi walikuja, werevu, wenye Kiingereza kizuri, wakauliza bomba liko wapi. Walimwona mzee wa wodi na saa ya kamba ya mkonge, na wengine walimcheka hata hawakujificha. Aliwafundisha kunawa mikono mpaka kwenye viwiko kwa kikombe kimoja cha maji, bila tone kupotea. Wakaacha kucheka, kwa sababu wao hawakuweza kufanya hivyo.

Alhamisi ya mwisho kabla ya kamati kuja, nilimkuta ananingoja mlangoni na chati mkononi. "Mwalimu," alisema. Tangu nipewe darasa hakuniita kwa jina tena. "Kwaya imerudi." Ilikuwa kazi ya msichana mwerevu kuliko wote, mtu wa Nairobi, ambaye nilikuwa nimepanga azungumze mbele ya wageni. Wagonjwa kumi na wanane, wote ishirini. Mkufunzi alikuwa amepita mwenyewe kitanda kwa kitanda, akahesabu upya, akaandika idadi za kweli kando kwa wino mwekundu, na wawili kati yao walikuwa wameshaonwa na daktari.

Kamati ilikuwa inafika kesho yake asubuhi. Matroni alitoa shauri ambalo lilikuwa tayari kichwani mwangu: chati zinakiliwe upya, safi, na zile za wino mwekundu ziwekwe mbali. Wala hatungekuwa tumedanganya, alisema, idadi si ni za kweli sasa? Nilimtazama Mkufunzi nikitumaini atakubali, ili lawama iwe yake.

"Wewe ndiye mkuu," alisema. "Chati ni zako. Mimi niliwahi kuwa na chati kama hizi, na nilikuwa na mwanafunzi."

Alikwenda zake kugawa dawa. Nilikasirika, maana yeye hakuwa na cha kupoteza, nikajisemea, halafu nikakumbuka kwamba alikuwa ameshapoteza ofisi, cheo na shule yake ili hii kesho iwepo. Nilimwita yule msichana. Nilimwambia afike kabla ya wenzake na asionje chai.

Kamati ilipofika, chati za wino mwekundu zilikuwa juu kabisa ya meza. Yule daktari wa upasuaji, sasa kichwa chake cheupe, ndiye aliyezishika kwanza. Nilieleza yote bila kupamba: nani alipika, zilihesabiwa upya saa ngapi, na yule kule kitandani anafanya nini. Msichana alikuwa ameinama kifuani kwa mzee mmoja, midomo inatembea.

"Aliyegundua ni nani?" daktari aliuliza.

"Nesi wa zamu."

"Ana digrii?"

Nikasema hana. Mmoja wa wenzake alianza kuandika. Daktari alikuwa anamtazama Mkufunzi, aliyesimama mwisho wa wodi na sinia yake. "Wewe uliniletea chati ya wodi yangu," alisema. "Ile ya maiti."

"Ndio, daktari."

"Pale kwangu bado wanapika. Na hakuna anayeniambia." Akaiweka chini ile chati. Hakutoa hotuba, na mkono hakumpa. Jioni aliniambia kwamba mazoezi yabaki Kitui, na kwamba Alhamisi zangu ziendelee. Baada ya hapo hakuna aliyetuuliza tena.

Mkufunzi alistaafu miaka michache baadaye, akahamia Tawa kwenye shamba la mkewe. Mara ya mwisho tulipoketi pamoja ilikuwa siku ya soko, mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini. Mkewe alinipokea langoni kwa sauti ya chini. Aliniambia mzee hataki kusikia neno hospitali, anasema ni uzee tu, na kwamba siku hizi analala ameketi kwenye kiti. Niliifahamu maana ya hayo, kwamba pumzi inamtesa, kabla sijaingia ndani.

Alifurahi kuniona mpaka akakohoa. Aliuliza habari za darasa nikampa zote: walimu bado wachache, wahitimu wanaondoka kwenda ng'ambo kabla wino haujakauka, lakini wanne wako wodini Kitui na Makueni, na yule msichana wa Nairobi sasa ni mwalimu pamoja nami. Aliitikia kila moja kwa kichwa, maneno yakimjia mafupi mafupi. Nikamwambia hebu nishike mapigo yako kidogo, akaunyoosha mkono.

Mapigo niliyamaliza. Mkono sikuuacha.

Ukutani mbele yangu kulikuwa na kalenda ya kanisa. Katika kila siku alikuwa ameandika idadi ya pumzi zake kwa penseli, kwa ule mwandiko wake ulionyooka: ishirini na nne, ishirini na nne, ishirini na nne, mwezi mzima. Kifuani pake niliona kitu kingine. Nilihesabu dakika yote, na ilipokwisha nilitamani kusema uongo. Nilitamani kumwambia ishirini na nne, tunywe chai yake ya sukari nyingi, niondoke akiwa anacheka.

"Mapigo umemaliza kitambo," alisema. "Sema."

"Thelathini na nane."

Nikaionyesha ile kalenda. "Mkufunzi," nikasema, "hii ni kwaya."

Alicheka mpaka mkewe akaja mbio. Aliposhusha pumzi alifuta macho, akanitazama kama mtoto aliyekamatwa kwenye chungu cha sukari. "Nilipika," alisema. "Niliogopa." Kisha akamgeukia mkewe. "Leta koti. Kama ni thelathini na nane, twende."

Tulimweka kwenye gari langu ameegemea mito miwili. Hospitalini tulipokewa na nesi kijana wa kike ambaye sikumjua, wala yeye hakunijua. Mtu wa usajili aliuliza kazi ya mzee, na mkewe alipofungua kinywa, mzee mwenyewe alitangulia kujibu kwa pumzi iliyobaki kwamba ni nesi.

Yule binti alivuta kiti, akakaa, akaushika mkono wake. Nilitazama saa ya ukutani. Nusu dakika ilipita, ambapo mapigo huwa yameisha, na mkono hakuuacha. Macho yake yalihamia kifuani, yakakaa hapo. Mkufunzi alikuwa amefumba macho, lakini kidole chake kimoja kilikuwa kinagonga shuka taratibu, na nilijua kwamba naye anamhesabia binti sekunde. Mshale ulizunguka mpaka juu. Binti aliuachia mkono, akachukua kalamu, na Mkufunzi akafungua macho kuona atakachoandika.